Moshi Nyuma ya Malrye

Siku ya msiba wa Malrye niliinama mara mbili mbele ya picha yake kama desturi, na nilipoinua kichwa nikajiuliza, huyu ni nani?

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amevaa hanbok, vazi letu la jadi la Kikorea, la rangi ya waridi, utepe umefungwa vizuri kifuani, ngozi laini kama yai lililomenywa. Malrye sikuwahi kumwona na nguo ya waridi hata siku moja. Studio ilichukua uso wake ikaubandika kwenye mwili wa mtu mwingine, kama wanavyowafanyia wote wanaokufa kabla ya kupiga picha rasmi, na katika kubandika wakafuta kovu. Kovu lile lilianzia chini ya jicho la kushoto likashuka hadi kwenye taya. Mafuta yalimrukia mwaka ule tulioanza kupika pamoja pale shuleni, akarudi kazini kesho yake na plasta usoni, akaniambia, "Geumja, sasa hata nikipotea sokoni utanijua." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ilisitiri mpaka ikammeza mwenyewe.

Supu ya msibani niliinywa kwa hasira. Sikuonja hata pilipili.

Malrye hakuvuta sigara maisha yake yote. Alikaanga. Kuku, samaki, viazi vitamu, chakula cha shule nzima, kwenye jiko la chini ya ardhi lenye feni ya kuvuta moshi iliyokuwa hodari wa kunguruma na mvivu wa kuvuta. Tulilalamika, tukaambiwa tufungue mlango. Mwisho mapafu yake yakaota saratani, na shule ikasema feni ilikuwa nzima. Sasa kamati ya fidia ilikuwa ikae kuamua kama ugonjwa ulitoka jikoni au alijiletea mwenyewe, na chama chetu cha wapishi wa shule kikaamua siku hiyo tukae nje ya jengo lao tumevaa fulana nyeusi zenye uso wake.

Baada ya kifo chake wapishi wote tuliitwa hospitali kupigwa picha ya mapafu. Wenzangu walikwenda. Mimi sikwenda. Kikohozi changu ni cha zamani, nakijua, na mtu mwenye hasira kama zangu hana nafasi ya kwenda kulala kwenye mashine.

Katibu wa chama ni kijana anaitwa Bae, mtu wa tai na maneno laini. Akanifungulia kompyuta yake, na kwenye kioo akatokea yule wa waridi.

"Dada Geumja, hii iko tayari. Faili kubwa, safi, nyuma hakuna kitu."

"Huyo si Malrye."

"Ni yeye, ila hana kovu."

"Basi na wewe nikuchape bila pua?"

Akacheka kidogo, akaona sicheki. "Dada, watu wa kamati wakiona sura safi watamhurumia zaidi."

"Kumbe ukiungua kazini inabidi uungue kwa adabu ndiyo uhurumiwe. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Bae. Picha nitatengeneza mimi."

"Unajua kutengeneza?"

"Nitajua."

Akashusha pumzi. Mchapaji wa fulana alitaka faili Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jioni kabla hajafunga. Nisipoleta, wanachapa hii ya waridi. Na ridhaa ya familia niitafute mwenyewe.

Nikajiandikisha darasa la kompyuta kwenye kituo cha mtaa. Mwalimu alikuwa Hwang, binti wa umri wa mwanangu, mpole kupita kiasi. Nilikuwa na picha moja tu, ile ambayo Malrye alituma kwenye kundi letu la wapishi siku ya kukaanga kuku: aproni ya mpira, chujio la mafuta mkononi, anacheka, kovu waziwazi, na nyuma yake ukungu wa kijivu. Nilipoikuza ifikie upana wa kifua, uso ukavunjika vipande vipande vya mraba kama sakafu ya bafuni.

"Hii ni JPG," Hwang akasema. "Ni picha iliyobanwa ili iwe nyepesi. Kila programu ya simu inapoituma, inaibana tena."

"Kama kabeji ya kimchi iliyotiwa chumvi. Ukiikamua imepungua, na maji hayarudi."

"Hivyohivyo, mama."

Nilimjibu vizuri lakini moyoni nilikuwa natukana. Hata simu inamkamua huyu mwanamke.

Hata hivyo nilikuwa mbishi, nikapeleka picha ileile kwa mchapaji anitolee fulana moja ya kujaribia. Ikarudi nyeusi, na Malrye katikati ndani ya kisanduku cheupe. Bae aliponiona nayo alisema, "Dada, mbona umemtia dirishani?" Ilibaki kidogo nimvishe usoni. Hwang ndiye aliyenieleza kosa. JPG haina sehemu tupu. Mahali ulipofuta panabaki peupe, na mashine inachapa huo weupe. PNG inaweza kuacha tupu kabisa, na fulana ikaonekana yenyewe. Na kama nataka mistari isiyovunjika hata ukiikuza iwe kubwa kama nyumba, ipo njia ya tatu, vekta, ambayo si picha hasa. Ni maelekezo tu: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale. Unachora juu ya picha, nukta kwa nukta.

Kwa hiyo nikajifunza kufuta. Kila jioni nilikaa na kipanya nikifuta ukungu nyuma ya Malrye, kuzunguka sikio, kuzunguka kofia, kati ya vidole na chujio. "Futa tu, mama, huo ni uchafu wa picha," Hwang aliniambia, na nikafuta mpaka nikawa fundi. Lakini kila nilipomaliza kufuta nyuma, uso uliobaki haukufaa kuchorwa. Kovu lilikuwa doa tu. Sikuweza kusema linaanzia wapi, na sikutaka kubuni. Waliobuni wanatosha.

"Picha hii haitoshi," Hwang akasema wiki ya mwisho. "Tafuta ile ya asili, iliyomo kwenye simu iliyoipiga."

Simu iliyoipiga ilikuwa ya Malrye mwenyewe, na simu ya Malrye ilikuwa kwa binti yake, Narae, ambaye ndiye aliyeipa studio kazi ile. Nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, nakohoa kila ghorofa, nikamkuta amerudi kazini sasa hivi, bado na koti la ofisi. Ile picha ya waridi ilikuwa kwenye rafu, na simu ya mama yake pembeni yake, imechomekwa kwenye chaji.

"Mama mdogo, umekuja kula au umekuja kugomba?"

"Nimekuja kuomba picha. Ile ya jikoni, ya asili. Na ruhusa yako tumchape."

"Picha ipo." Akaonyesha rafu.

"Hiyo mmemfuta."

"Nani kamfuta?"

"Wewe na studio yako. Shule inasema moshi haukuwepo, wewe unasema kovu halikuwepo. Mnatofautiana nini?"

Hapo nilipitiliza, lakini lilikuwa limeshatoka. Narae hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nyie mlimwona na kovu kwa sababu mlimwona kazini," akasema. "Mimi nilimwona akirudi. Nywele zinanuka mafuta hata akioga mara tatu. Siku ya mahafali yangu alikuja na aproni kwenye mfuko, anachungulia saa, kwa sababu anarudi zamu. Studio niliwaambia mvalisheni chochote mnachotaka, ilimradi mara moja tu mama yangu aonekane hatoki kazini wala haendi. Sasa nyie mnataka kumrudisha jikoni. Amekufa, mama mdogo. Amekufa na bado mnampangia zamu."

Mimi ni mtu wa kujibu. Muulize yeyote. Siku ile nilivaa viatu vyangu mlangoni, nikashuka. Kikohozi kilinikamata ghorofa ya tatu, nikashika ukuta mpaka kikapita. Mlango wa juu sikusikia ukifungwa.

Hasira zikabaki, ila sasa hazikuwa na pa kwenda. Nilizielekeza kwa Narae hazikukaa. Nikazielekeza kwa studio, kwa Bae, kwa feni, kwa yule mkubwa wa shule aliyekuja msibani na shada kubwa kuliko jeneza. Zote zikanirudia.

Ijumaa ya mwisho nilikwenda darasani bila kitu. Nilikuwa nimeshaamua kumpigia Bae nimwambie achape waridi yake, na mimi siku hiyo nitakaa nje ya lile jengo na aproni yangu. Simu ikatetema. Ilikuwa Narae.

"Nimetuma kama faili, si kama picha, ili isibanwe," aliandika. "Chapeni. Na wewe umo, angalia vizuri."

Nimo wapi? Hwang akaifungua. Ikajaza kioo chote, na bado ilikuwa inaendelea pembeni, tukaisogeza. Malrye alikuwa palepale na chujio lake, na kovu lake sasa likaonekana lote, mwanzo hadi mwisho, hata mikunjo yake midogo anapocheka. Lakini picha ilikuwa pana mara mbili ya ile niliyoijua. Kumbe kabla ya kututumia alikata nusu, maana nilikuwa nimewakataza watu kunipiga picha, na Malrye aliniogopa kidogo.

Kwenye ile nusu aliyoikata kulikuwa na moshi. Moshi mzito, umeshuka mpaka mabegani, na juu yake feni yetu, ile ambayo shule ilisema ni nzima kabisa. Ndani ya moshi kulikuwa na mwanamke ameinamia karai la pili, mikononi glavu za plastiki za njano, macho ameyafumba, mdomo ameuziba kwa kiwiko. Anakohoa.

Nilimtazama sana yule mwanamke. Wiki zote zile nilikuwa nafuta ukungu nyuma ya Malrye, na ukungu ule ulikuwa umetoka kwangu, kwenye karai langu.

Hwang, kwa mazoea, alishaweka mkono kwenye kipanya. "Tuanze na kufuta nyuma, mama?"

"Gusa uone."

Akatoa mkono kama aliyegusa sufuria. Baadaye akauliza polepole, "Sasa moshi tutauchapaje? Wino mweupe ama upo ama haupo. Hakuna wino nusu." Akampigia mchapaji, wakaelewana: moshi ugeuzwe nukta, nyingi zilizosongamana pale ulipo mzito, chache pale unapopungua, jicho lenyewe litaona moshi. Hiyo akaifanya Hwang. Mimi nilichora uso. Kovu ndilo lililokuwa rahisi kuliko vyote, mstari mmoja tu, nikauanzia chini ya jicho nikaushusha. Kisha nikachora kiwiko cha yule wa nyuma. Mwalimu alitaka kunisaidia, nikamwambia aniache.

Faili lilifika kabla mchapaji hajafunga. Bae alipoliona alisema, "Dada, nyuma kuna uchafu mwingi."

"Huo uchafu ndiyo kesi yenyewe."

Akafunga kompyuta yake. Kijana si mbaya, ila anapenda vitu visafi.

Siku ya kamati tulikaa kwenye lami mbele ya jengo lao, wanawake tuliovaa fulana nyeusi, Malrye kila kifua, na moshi umetushukia sote tumboni. Wazee wa kamati walipita katikati yetu wakisoma simu zao. Mmoja tu aliinua macho, akaona, akayashusha haraka. Mchana wakatutumia mtu kutuambia kuwa uamuzi umeahirishwa mpaka baada ya sikukuu ya mavuno, wanahitaji taarifa zaidi kuhusu feni. Feni! Hapafuki moshi pasipo moto, watoto wa chekechea wanajua, ila wale walihitaji taarifa. Nilisimama nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, kisha nikakohoa, nikakaa.

Nilipoinua kichwa Narae alikuwa amesimama mbele yangu. Alichukua fulana kwenye boksi akaivaa juu ya koti lake la ofisi, akainyoosha kovu likakaa sawa kifuani. Kisha akainama akaweka kidole kwenye tumbo langu, pale kwenye nukta, kwenye kiwiko.

"Mama mdogo. Huyu anayekohoa nyuma amepimwa?"

"Usinianze."

"Nimekuuliza."

"Ana kazi. Ana kesi ya mama yako."

"Mama yangu hana haraka tena." Hakuondoa kidole. "Mimi nilipekua simu nzima kumtafutia picha. Sitaki mwanao aje kwangu kuomba yako."

Nikamwambia kesho. Akasema hospitali hufungwa saa kumi na moja, bado tunawahi. Akanishika mkono akaninyanyua mbele ya wenzangu wote, na wakanitazama bila kunitetea, hata mmoja.

Nilifika kwenye mashine na hasira zangu zote. Fundi aliniuliza kama nguo yangu ina chuma. Nikamwambia ni wino tu. Akasema basi nibaki nayo, nilale chali, mikono juu. Kitanda kikaingia. Malrye alikuwa kifuani kwangu anatazama juu, na Narae alikuwa nje ya kioo na fulana ileile. Sauti ikasema nivute pumzi nyingi kadiri niwezavyo, niishikilie, nisitoe mpaka niambiwe.

Nikavuta. Ikafika nusu, ikakwama.