Slaidi Iliyopaswa Kubaki Giza

Wengine wakibandikwa majina ya utani hununa, lakini Wembe alilipenda la kwake. Alilipata kazini, katika maabara ya hospitali, alikokuwa akikata vinyama vya wagonjwa kwa mashine, vyembamba kuliko karatasi, kisha akavilaza kwenye slaidi za kioo ili Daktari avitazame kwa hadubini na kusema nani ana saratani na nani hana. Miaka kumi na tisa mkono wake haukuwahi kutetemeka. Alhamisi hii ninayoisimulia ulitetemeka mpaka akashindwa kufungua kifuniko cha kalamu.

Tuanze na maharage, maana yeye mwenyewe alianza kwa kuyacheka. Wiki iliyotangulia Daktari alikuja na vichupa vitatu vya kitu kiitwacho lektini. Akaeleza kwamba hutolewa kwenye mbegu za jamii ya maharage na kunde, na kwamba kila lektini ina sukari yake moja inayoipenda. Ukiidondosha juu ya kinyama, huitafuta sukari hiyo kwenye seli na kuing'ang'ania. Na kwa kuwa imeshafungwa rangi, ukiwasha taa ya hadubini gizani, kila mahali iliponasa panawaka kijani. Daktari alitaka kujua sukari za tumbo hubadilikaje saratani ikiingia. Wembe akauliza kama kazi ikiisha itabaki ya kutosha kuunga na nazi. Daktari, ambaye utani hana hata wa dawa, akajibu kwamba imeagizwa kwa miligramu.

Lektini ya kwanza kujaribiwa ilikuwa inayopenda sukari ya watu wenye damu ya kundi A. Sukari hiyo haikai kwenye damu tu. Mwenye kundi A anayo kwenye kuta za mishipa yake, na mara nyingi hata kwenye utando wa ndani wa tumbo. Mwenye kundi O hana hata chembe. Kwa hiyo ili dawa iaminike zilitakiwa slaidi mbili za kuipima, moja ambayo lazima iwake na moja ambayo lazima ibaki giza. Ya kuwaka ilitoka kwa mwalimu mmoja wa hesabu, mama wa makamo, ambaye faili lake lilisema kundi A, na ambaye kinyama chake kilikuwa kimeonyesha saratani ya tumbo. Ya giza, Wembe alisema wasihangaike kutafuta. Wachukue ya Mjomba.

Huyu Mjomba, mdogo wa mama yake, ndiye aliyemlea Wembe kama binti yake, akimwita Mama, tangu msichana alipofiwa na baba. Alikuwa fundi bomba, mwenye sauti ya kujaza nyumba, na watu walimwita Tanki kwa sababu ya damu. Alikuwa amechangia damu mara sitini na moja, na kadi yake aliitembeza kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyotembeza picha za wajukuu. Kundi lake lilikuwa O, na usingeweza kukaa naye dakika kumi bila kuambiwa. Mwezi uliopita tumbo lilimsumbua, akapimwa, kinyama chake kikapita mikononi mwa Wembe siku ileile na cha mwalimu. Kikaonekana kina uvimbe mdogo wa kawaida, wa kutibiwa kwa vidonge. Wembe hakungoja hata karatasi itiwe sahihi. Alipiga simu nyumbani, mke wa Mjomba akapiga vigelegele, na Mjomba akasema sasa atazeeka mpaka wamchoke.

Basi Alhamisi, saa tatu kasoro robo asubuhi, Wembe alijifungia kwenye chumba cha giza na sinia lake la slaidi. Akaanza na ya Mjomba, kwa kuwa ndiyo isiyokuwa na kazi: aione giza, aandike "giza", aendelee. Akainama kwenye hadubini.

Ilikuwa inawaka. Vijishimo vya tumbo vilikuwa kijani, mishipa ilikuwa na kingo za kijani, na ndani ya mishipa chembe za damu zilikuwa zimebanana, kila moja na pete yake ya kijani. Akaitoa slaidi, akasoma namba iliyoandikwa kwa penseli, na ilikuwa ya Mjomba. Akaweka ya mwalimu. Giza. Akasogeza huku na huku, akaongeza mwanga, akazitafuta zile seli za saratani zilizotawanyika ovyo, akazipata, nazo zilikuwa nyeusi tii. Alijua saratani huweza kuzipoteza sukari zake, hilo Daktari alishalisema. Lakini hata damu kwenye mishipa ya pembeni haikuwaka, na damu haipotezi kundi lake.

Alijaribu kuilaumu dawa. Kila sinia lilikuwa na slaidi ya tatu kwa ajili ya mashaka ya namna hiyo: kinyama kilekile cha Mjomba, ila lektini yake ilikuwa imechanganywa kwanza na sukari inayoipenda, ikashiba humo chupani isiwe tena na njaa ya seli. Kama ule ukijani ungekuwa uchafu tu, na hii ingewaka. Haikuwaka kabisa. Dawa ilikuwa inasema kweli. Aliyeitwa Mjomba kwenye kile kioo alikuwa mtu wa kundi A, na aliyeitwa mwalimu alikuwa wa kundi O.

Alikaa pale gizani ameshika ukingo wa meza, na ile siku ya vinyama hivyo viwili, mwezi uliopita, ikamrudia nzima, asiweze kuifukuza.

Vinyama hufika vimelowa dawa, kila kimoja kwenye kikasha chake kidogo cha plastiki chenye namba. Fundi hufungua kikasha, hukilaza kinyama kwenye kalibu, kijisahani cha chuma, humimina nta ya moto, kisha hukibandika kile kikasha juu yake, namba ikae mgongoni mwa nta milele. Sheria ya kazi hii ni moja, na Wembe ndiye aliyewafundisha wenzake wote: usifungue kikasha cha pili kabla hujafunga cha kwanza. Siku ile alikuwa amekwisha kumlaza mwalimu kwenye kalibu alipoliona jina la Mjomba mwishoni mwa foleni ya vikasha. Hakuweza kungoja. Alimrukisha wagonjwa kumi na wawili waliomtangulia, akakifungua kikasha chake, akamlaza kwenye kalibu nyingine kando ya mwalimu. Vinyama viwili, kila kimoja kama punje ya mchele, na vikasha viwili vitupu. Alikuwa akimwombea Mjomba huku akimimina nta. Sala aliikumbuka neno kwa neno, ila mikono yake ilichukua kikasha kipi hakukumbuka.

Mwalimu alikuwa apasuliwe saa nne asubuhi hiyohiyo, tumbo lake lote litolewe.

Wazo la kuizima taa lilimjia, na mimi sitamsitiri. Angeweza kusema dawa imeharibika, amwage kila kitu kwenye sinki. Mwalimu angeondoka na jeraha na shukrani, nyumbani wangeendelea kucheka, na yeye angebaki kuwa Wembe. Lilikaa naye labda muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha akaona kwamba kwa kunyamaza kwake Mjomba angekufa akimeza vidonge vya uvimbe, akapiga moyo konde, akatoka.

Daktari alitazama slaidi zote tatu, akarudia, akalifungua na daftari la maabara kwenye siku ya vinyama hivyo. Kisha akainua kichwa.

"Siku ile nani alifungua vikasha?"

"Mimi peke yangu, Daktari. Nilifungua viwili pamoja."

Hakumfokea, na Wembe angependa afokewe. Alinyanyua simu akapiga chumba cha upasuaji, akaambiwa mgonjwa amekwisha kulazwa mezani na mtaalamu wa usingizi anatafuta mshipa. Daktari akasema wasimguse, wamteremshe, anakuja mwenyewe. Akavaa koti akitembea. Mlangoni akageuka, akasema wote wawili watapimwa upya, na kwamba yule mwingine inabidi apatikane leo. Jina hakulitaja, na hapo ndipo Wembe alipokumbuka.

Mjomba alikuwa humuhumu hospitalini. Jana yake benki ya damu ilikuwa imelalamika kwamba upasuaji mkubwa wa Alhamisi utakomba akiba, na Wembe akampigia simu yeye mwenyewe aje kuchangia. Si alikuwa mzima?

Aliteremka ngazi mbilimbili. Mjomba alikuwa amelala kwenye kitanda cha wachangiaji, mkono wa shati umekunjwa, akikamua mpira wa kushika huku akimpa nesi visa vya mabomba. Nesi alikuwa hoi kwa kicheko. Alimweleza Wembe kwamba alipomuuliza mzee habari za afya yake, alijibu aulizwe mpwa wake, amemkagua mpaka seli. Mfuko ulikuwa karibu kujaa.

"Sitini na mbili," Mjomba alisema, akimwonyesha kadi iliyokwisha kuandikwa.

Wembe alimwomba nesi aichomoe sindano na mfuko usiingizwe kwenye friji. Nesi alidhani ni utani, akamtazama usoni, akaichomoa. Mjomba aliacha kukamua mpira.

"Mama, kuna nini?"

"Mjomba, nilikosea. Namba yako niliibandika kwenye nyama ya mtu mwingine."

Alimwangalia kama asiyeielewa lugha. Kisha akaelewa, maana alikuwa mtu aliyefunga mabomba maisha yake yote na alijua maana ya kuunganisha la huku na la kule.

"Na yangu iko wapi?"

"Ile iliyokuwa na saratani ndiyo yako."

Nesi aliendelea kuubana mkono wa Mjomba kwa pamba ingawa damu ilikwisha kukatika. Wembe alitaka kupiga magoti, alitaka kueleza habari ya foleni na sala. Mjomba ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo ambayo Wembe hakuwahi kuisikia kwake tangu azaliwe.

"Huyo mwenzangu wameshampasua?"

"Hapana. Wamemteremsha mezani sasa hivi."

"Afadhali." Akaugeukia ule mfuko, uliokuwa bado na joto lake. "Na hiyo hawezi kupewa mtu?"

"Hapana, Mjomba. Wewe sasa ni mgonjwa."

Alitikisa kichwa taratibu. Akaichukua kadi yake, akaitazama ile sitini na mbili, akamwambia nesi aifute, irudi kuwa sitini na moja, kwa sababu damu ya kumwagwa haihesabiwi. Nesi machozi yalikuwa yanamtoka, akasema hawezi. Mjomba akaitoa kalamu mfukoni mwa nesi akamnyooshea mpwa wake. Mkono wa Wembe ulitetemeka mpaka kifuniko kikamshinda, ikabidi mzee amfungulie kwa mkono wake uliofungwa pamba.

"Andika," alimwambia. "Na safari hii soma mara mbili."

Aliikata sitini na mbili, akaandika sitini na moja. Akaisoma mara mbili, kwa sauti, wakati Mjomba akikunjua mkono wa shati na kuuliza kwa Daktari ni ghorofa ya ngapi.