Gogo ya Kabamba

— …eeh mama, simamisha shoka! Njo papa uyu anasema!

Sauti ilitoka mu lukuni, kipande ya kuni yenye alipasua sasa hivi, lakini mama Alphonsine hakusimamisha shoka. Ilikuwa siku ya tano, Ijumaa, na siku ya tano batu ya Likasi banaanza kutafuta michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, mbele hata ya kutoka ku kazi. Kuni ilipashwa kuwa tayari. Akakanyaga lukuni ingine na kisigino, akapiga, ikapasuka, na sauti ya Kabamba, bwana yake, ikatoka mu kati, ikauliza kama banafunga nyumba ya kuku.

— Tulifunga, mama akajibu. Gaëlle, panga hizi.

Gaëlle alikuya mbio kutoka ku institut, masomo yake ya sekondari, habari inamuchoma mu kinywa sawa chai ya moto: alipita ekzameni! Lakini papa yake njo alimutangulia, na mutoto ya adabu hakatiake papa maneno. Akaweka kitabu chini, akapanga. Kuni inapangwa ku ukuta, ganda juu, upande yenye kupasuliwa inaangalia jua. Ile mubichi inakohoa tu. Ile yenye kukauka inasema neno yake pa kupasuka, kisha inanyamaza, inakuwa kuni sawa kuni yote.

Kuni ile ilitoka ku kilima ya kampani ya kuchimba madini. Mwaka yenye kupita, pa mwanzo ya mvula, Kabamba na benzake balishuka kule mu shimo kuchimba. Kampani ikaleta mashini, ikafunika shimo. Kisha ikasema ndani hakukuwa mutu, eti Kabamba alikimbia Kolwezi na mwanamuke. Batu balipenda ile habari, juu ilikuwa na mwanamuke ndani. Njo maana kwa mama Alphonsine hakukuwa kilio. Kilio inaomba gogo nzima, yenye haipasuliwe, inawaka mbele ya nyumba, na kila mwenye kupita anajua: apa balifiwa. Mwanamuke mwenye kuachwa hawashake gogo. Batu batamucheka.

Ku kilima, miti ilibakia, mizizi inashuka chini kutafuta maji, mupaka mu shimo. Sasa kampani ilikata ile miti, ikauzisha ku bamama ya michopo.

Jirani yao, mama Numbi, akaingia kuomba kaa la moto. Shoka ikashuka.

— Kolwezi sikufika, Kabamba akasema.

— Alphonsine, hata mu lukuni bwana yako anasemea mu pua!

— Alizaliwa gisi ile.

— Na ule mwanamuke?

Mama akapasua ingine.

— Mwanamuke gani? Kabamba akauliza. Tuko chini ya mawe. Tulipiga nyundo ku jiwe, tukapiga. Mashini ilikuwa na makelele kuliko nyundo.

Mama Numbi akaangalia kaa lake. Njo yeye alitembeza ile habari ya Kolwezi mu kartye muzima, nyumba na nyumba. Akafunga kikwembe yake vizuri, akaenda bila kuaga.

Jua ilianza kushuka, baridi ya mwezi wa sita ikaingia, na papa Nicolas akafika, akakaa ku kiti yake ya kila siku ya tano. Njo mukubwa ya kampani. Njo yeye alisimama pembeni ya mashini siku ile. Akaomba mbuzi na kitunguu. Mama akachagua lukuni moja yenye kukauka muzuri, akaipasulia mbele ya miguu yake.

— Papa Nicolas, tulikuita na jina, Kabamba akasema. Uligeuka. Ulituangalia.

Papa Nicolas akatafuna kitunguu, akameza.

— Kabamba alipendaka kusema, ule. Lakini mama, ku tribinali habapokeake lukuni. Ongeza pilipili.

Mama akaongeza pilipili. Kisha akafuta mikono, akaita Gaëlle. Ku mwisho ya ukuta kulibakia gogo moja, ile munene kuliko yote. Mama hakukamata shoka. Baliisukuma bote wawili mupaka ku barabara, mbele ya mulango, bakaiwasha nzima.

Wa kwanza kufika alikuwa mama Numbi, na mukeka wake. Akaukunjua, akakaa, akaanza kulia na sauti kubwa, hakuuliza kitu. Bengine bakafuata. Papa Nicolas naye akavuta kiti yake karibu na moto, juu ya baridi.

— Pole sana, mama, akasema. Na nyama? Iko karibu?

— Iko karibu.

Gogo nzima haipigake kelele. Inasema pole pole. Gaëlle akachuchumaa pembeni yake, akainamisha kichwa.

— Papa, nilipita.

— Nilijua, Kabamba akajibu kutoka ndani. Tangu ulianza kuhesabia kuku ku Kifaransa.

Gaëlle akacheka, kisha akalia, kisha akapangusa pua na kikwembe ya mama yake. Moto ulikuwa unakula gogo haraka. Akaikamata ku mwisho yenye haikuwaka, akaivuta nyuma kidogo, ikae mupaka kesho.

— Nani anapunguza moto? papa Nicolas akauliza.

Gaëlle akainamisha kichwa tena ku gogo.

— Ulifanya muzuri, mutoto, Kabamba akasema. Lelo ninachoka. Kesho nitakutajia bale niko nabo huku chini, mumoja mumoja, na bamama yabo. Ukuye na kiti.