Maji ya Eldoret Hayafiki Mia

Amondi alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya shule hadi alipoamua kwamba fizikia ina utamu kuliko solo ya Krismasi. Sista Leonida, mlezi wa kwaya, alimwachilia shingo upande, kama mtu anayeazimisha jembe lake msimu wa kupanda. Kwa hivyo siku tulipopanda basi la shule kwenda chuo cha Chepkoilel kwenye mashindano ya sayansi, Sista naye alipanda. Alisema anakuja kutuombea. Mimi nilijua anakuja kuchukua jembe lake.

Mambo yalikuwa hivi. Muda mfupi kabla ya mashindano, Mwalimu Wabuge wa fizikia alituambia tuchemshe maji, kisha tuandike yanachemka kwa nyuzi ngapi. Sasa, katika maabara yetu kuna desturi tuliyorithi kutoka kwa waliotutangulia, inaitwa kupika. Unafungua kitabu kwanza, unaona jibu, halafu unaenda kwa themomita ukiwa mtu aliyetulia. Kitabu kinasema mia, basi darasa likaandika mia. Kipkorir, bingwa wetu wa hesabu, aliandika mia nukta sifuri, ionekane alikodoa macho. Mimi niliandika tisini na tisa nukta nane, maana mpishi hodari hamalizi chumvi yote. Amondi peke yake aliandika tisini na tatu.

Mwalimu akamwambia themomita yake ni mbovu. Amondi akaomba nyingine. Nayo ikagoma palepale. Akaomba ya tatu. Hapo Mwalimu Wabuge, ambaye ni mtu mzuri lakini hapendi kubishiwa mbele ya watoto wa watu, akamwambia wazi: akiipeleka hiyo tisini na tatu yake Chepkoilel na tuanguke, Jumatatu arudi kwaya. Klabu ya sayansi haina nafasi ya wabishi.

Tangu siku hiyo, kila saa ya mapumziko ungemkuta Amondi maktaba, na si kwa ajili ya riwaya.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Amondi mikono, Kipkorir hesabu, na mimi, Muchiri, kuandika na kuongea. Mwalimu hakuficha kwamba nimechaguliwa kwa sababu ya mdomo. Mama aliposikia, akiwa dukani kwetu mtaa wa Munyaka, alisema anamshukuru Mungu, mdomo umepata kazi.

Tukaingia kwenye ukumbi wa chuo, meza zimejaa shule za kila namna, sare zimepigwa pasi utadhani ni harusi. Jaji mkuu, mhadhiri anayeitwa Daktari Nyaguthii, akasoma kazi: pasheni maji moto, choreni grafu ya joto, semeni maji yanachemka kwa nyuzi ngapi, halafu mtetee jibu lenu.

Kipkorir alitabasamu kama mtu aliyeletewa mtihani wa chekechea. Mimi nilimwangalia Amondi. Alikuwa tayari anawasha jiko la gesi.

Joto likapanda vizuri. Themanini, tisini, tisini na mbili. Likafika tisini na tatu na kukaa chini kama mgeni aliyeona chai inakuja. Maji yalikuwa yanatokota, mvuke unapanda, mapovu yanagombana. Themomita haisogei. Kwenye meza jirani nikaona kalamu zinaandika mia bila haya.

"Muchiri, andika mia," Kipkorir akaninong'oneza. "Usituletee matanga."

"Inasoma tisini na tatu," Amondi akasema.

"Inasoma hivyo kwa sababu ni wewe unaisoma. Buda, andika mia twende tukakule."

Amondi alinigeukia mimi mwenye kalamu. "Najua nikikosea narudi kwaya. Na kuimba napenda. Lakini siandiki kitu sijaona. Wewe umeona nini?"

Swali baya sana kumuuliza mtu wa mzaha. Nikainama, nikaangalia. Tisini na tatu. Nikangoja, labda ina aibu. Bado tisini na tatu. Nikamkumbuka shangazi Njeri wa Mombasa, akija kwetu hugombana na sufuria kutwa nzima akisema maharagwe ya Eldoret ni mawe. Nikaandika tisini na tatu.

Kipkorir aliniangalia kama nimeuza ng'ombe wa ukoo. Lakini Kipkorir ni Kipkorir. Alichukua penseli akaichora ile grafu, mstari unapanda kisha unalala chali, nadhifu hadi ungetaka kuutandikia shuka.

Daktari Nyaguthii alipofika kwetu, aliuliza kwa nini maji yetu ni mavivu. Amondi akasimama wima. Akaeleza kwamba maji huchemka yakishinda uzito wa hewa iliyoyakalia, na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo hayahitaji joto jingi. Ni hewa hiyohiyo, akasema, inayowatoa wakimbiaji mbali kuja kufanya mazoezi kwetu. Nikaongezea kwamba si uvivu, ni mbio. Ya kwetu humaliza kabla ya mia. Jaji alijitahidi asicheke.

"Na kutoka usawa wa bahari, kila ukipanda kama mita mia tatu, kiwango hushuka kama nyuzi moja," akamwambia Kipkorir. "Eldoret tuko kama mita elfu mbili na mia moja. Haya, hesabu."

Kipkorir akagawanya kwa penseli pembeni mwa grafu. "Saba," akasema polepole. "Mia toa saba." Akaigeukia themomita, akaiangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wakati wa matokeo Daktari alisema themomita zote zilikaguliwa asubuhi na ni nzima. "Leo nimeletewa maji ya Mombasa na meza nyingi sana," akasema. "Maji ya Eldoret nimepata kwa meza moja tu." Kisha akataja shule yetu.

Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Mwalimu Wabuge alipita katikati ya viti, hakungoja hata tutoke nje. "Amondi," akasema, watu wote wakisikia, "themomita yako haikuwa mbovu. Ni mimi sikuangalia."

Sista Leonida alikuwa ameshafika, amemkumbatia Amondi begani, anaulizia solo ya Krismasi kwa sauti ya asali.

"Sista," Mwalimu akasema, "kwaya itafute mwingine. Huyu ni wetu."

Sista akacheka, akasema alikuwa anampongeza tu. Lakini mkono aliuondoa begani. Amondi akanyanyua kikombe chetu cha ushindi akatangulia kwenda kwa basi, na nyuma yetu Kipkorir alikuwa anawaeleza watu wa shule nyingine jinsi sisi watatu tulivyokataa katakata kuandika mia.