Marahaba Si Namba

Difu ya nyuma, ile gia inayozungusha magurudumu, ilishushwa kwa mara ya tatu siku ya Alhamisi. Faustini alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulalamika aliona ni mzigo.

Chanzo cha balaa kilikuwa yeye mwenyewe. Aliifungia pikapu yake matairi makubwa ya kutisha. Ikapendeza mno, ikaishiwa nguvu mlimani. Mzee Kombo, fundi wa Mabawe, akaamua kwamba difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zibadilishwe kwa zenye kuvuta zaidi, na lazima zilingane. Zikabadilishwa. Lakini kila Faustini alipokishika kilima cha Murukulazo na kuunganisha magurudumu yote manne, mbele ilitaka hili na nyuma ikataka lile, mpaka gari likagoma katikati.

Mgongoni lilibeba mabati ya Mama Generoza, mama yake. Upepo ulikuwa umeichukua nusu ya paa lake, na mvua zilikuwa zimeanza. Kila asubuhi alipiga simu.

"Mwanangu, mabati yamefika wapi?"

"Yapo Mabawe, mama."

"Na mimi nipo jikoni, na mbuzi. Leo amekula shuka."

Mara ya kwanza Mzee Kombo alilaumu beringi. Mara ya pili alilaumu oili. Sasa aliiweka difu mezani, akachora chaki kwenye jino moja la gia yake kubwa.

"Nahesabu upya," alisema. "Pinioni, hii gia ndogo, lazima izunguke mara tano kasoro kidogo, chaki irudi hapa. Kama ile ya mbele."

Akaanza kuzungusha. "Moja. Mbili."

Happyness, muuza maandazi, akapita na beseni. "Shikamoo, babu!"

Mzee Kombo alilelewa katika nyumba ambayo mtu angeweza kukosa chakula, lakini si kukosa kuitikia salamu. Mkono ukaiacha pinioni, ukaenda kifuani kwa heshima zote.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mkono ukarudi kazini. "Nne. Tano kasoro. Unaona? Iko sawa."

Faustini aliinamia meza. Hakuwa na nguvu ya kukasirika.

"Mzee, ya tatu iko wapi?"

"Nimeihesabu."

"Umemwitikia Happyness. Mzee wangu, marahaba si namba."

Happyness akaliweka beseni chini taratibu, kama yuko msibani.

"Kwa hiyo hii ni nne kasoro," alisema Mzee Kombo hatimaye.

"Na wiki iliyopita, ulipoihesabu mara ya kwanza, nilikusalimu mimi."

Walitafuta difu nyingine kwenye lundo nyuma ya gereji. Safari hii Faustini alimfunika mzee turubai, yeye na meza yake, akasimama nje kumzuia kila mpita njia mwenye adabu. Chini ya turubai zikasikika namba tupu, mpaka tano kasoro.

Jumamosi pikapu ilikipanda kilima cha Murukulazo bila hata kukohoa. Mama Generoza alikuwa amesimama uani. Kabla injini haijazimwa alishapanda nyuma, anagusa bati moja baada ya jingine.

Faustini akashuka. "Shikamoo, mama."

Mama akanyanyua kiganja bila kugeuka.

"Subiri. Nahesabu."

Faustini akaketi chini, akaegemea tairi lake kubwa, akasubiri.