Mshika Sifuri

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Dorcas Masalu alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba namba kumi na saba, mtaa wa Mawe Matatu, akibadilisha viatu. Alivua vya ofisini, akavaa raba zake za kijani zilizolika visigino, akaning'iniza futikamba ya mita thelathini begani, kisha akafungua kishikwambi cha halmashauri kuona kama kimepata mtandao wa intaneti. Hakikupata. Kule mlimani mtandao huja baada ya saa nne, watu wakishaanza kuulalamikia.

Dorcas ni mthamini wa majengo. Kazi yake ni kwenda kwenye nyumba ya mtu, kuipima, kuikagua toka msingi hadi bati, kisha kuandika ina thamani gani na ni ya nani, ili iingie kwenye daftari la kodi. Watu wengi hawaipendi kazi hiyo, na wengine humfungulia mthamini mbwa. Lakini tuseme kweli, kazi yenyewe mama huyu anaiweza. Hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kukwambia mfuko mmoja wa saruji ulichanganywa na ndoo ngapi za mchanga, na kama fundi alilipwa au aliondoka amenuna. Hagusi soda ya mwenye nyumba mpaka amalize kuandika, na akimaliza hunywa yote.

Ana sharti moja tu. Futikamba hushikwa na watu wawili: mmoja hubana ncha yenye sifuri kwenye kona ya nyumba, mwingine hutembea na kibweta chake hadi kona ya pili na kusoma. Wathamini wengine humpa sifuri yeyote aliye karibu. Dorcas humpa mwenye nyumba. Alijifunza hivyo mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu sifuri ikishikwa na mtu anayejifanya mwenye nyumba, ukuta hauishi. Katika miaka kumi na sita ilikuwa imemtokea mara kumi na moja.

Siku hiyo wenye nyumba walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Shimba, muuza nondo na mabati wa Mkuyuni, amevaa koti juu ya fulana na kushika bahasha ya kaki. Wa pili alikuwa Modesta, mjane wa kaka yake, mama wa miaka sitini na ushee, aliyekuwa akifagia uwanja kama siku nyingine yoyote.

"Shikamoo mama," Dorcas akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hizo raba zako zinayaweza mawe ya huku?"

"Zinayaweza, mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mtaalamu," akajibu Shimba, akitoa karatasi kabla hajaombwa. "Mmiliki ni mimi. Huyu ni shemeji yangu, tumemsitiri tu hapa. Mwisho wa mwezi anahama."

Karatasi ilikuwa halali. Miaka ishirini na sita iliyopita marehemu mume wa Modesta alikuwa akivua visiwani, akamtuma mdogo wake aje mjini na fedha kununua kiwanja. Muuzaji na mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule waliandika jina la mtu aliyesimama mbele yao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mkono wa kusaini, wakapiga muhuri. Hakuna aliyerudi kulibadilisha. Watu wa tumbo moja waandikishane nini?

Kiwanja chenyewe kilikuwa jiwe. Modesta na mumewe waliwasha magogo juu ya jiwe hilo kutwa nzima, jioni wakalimwagia maji baridi likapasuka, na kesho yake wakawasha tena. Kokoto aliponda Modesta. Mchanga alipandisha Modesta, na maji aliyatoa ziwani kwa ndoo, kichwani, kwa njia ambayo hata mbuzi huipanda kwa kufikiri. Ilichukua miaka saba. Ikatoka nyumba ya vyumba vitatu iliyoegemea jiwe kubwa, na jiko lake halina ukuta wa nyuma kwa sababu jiwe ndilo ukuta. Shimba alifika siku ya kupaua, akala pilau, akashuka.

Sasa jina litakaloingia kwenye daftari ndilo lingeamua nani anabaki ndani ya nyumba hiyo. Modesta alilijua hilo vizuri. Aliegemeza ufagio kwenye jiwe, akamsogelea Dorcas.

"Niandike mimi, mwanangu," akasema. "Nidai kodi. Hata ikiwa kubwa, nitalipa."

Katika miaka yake yote kazini, Dorcas hakuwahi kumsikia mtu akiomba kodi.

Utaratibu unataka kuanza na mwenye karatasi, kwa hiyo sifuri alipewa Shimba. "Bana hapo kwenye kona, mzee. Usiachie mpaka nikwambie."

Dorcas akaanza kutembea, ukuta ukiwa mkono wake wa kulia. Kwa macho ulikuwa wa mita tisa na kitu. Kwenye mita ya kumi ukuta ulikuwapo bado. Alipita dirisha lenye pazia la bluu lililoungua pembeni kwa pasi, na baada ya hatua chache akapita dirisha jingine, pazia lile lile, limeungua pale pale. Futikamba ilimaliza mita zake thelathini ikaendelea na thelathini na moja, kwa wino ule ule mweusi, na nyekundu kwenye kila mita kamili. Dorcas akashusha pumzi kwa ajili ya magoti yake, maana ukuta ulikuwa umeanza kuteremka.

Kwenye njia ya bodaboda alimkuta Yakobo, mwenyekiti wa mtaa wa sasa, akipiga mswaki.

"Mtaalamu, huo ukuta unaishia wapi?"

"Sijajua bado, mwenyekiti."

"Naomba usitukatie njia ya kanisani tu. Saa nne kuna jumuiya."

"Saa nne nitakuwa nimemaliza."

Ukuta ulipita kati ya nyumba za watu, ukazunguka gulio la mkaa, ukashuka hadi ufukweni ambako kina mama walikuwa wameanika dagaa. Mmoja wao, Teodora, alianza kuvuta nyavu zake pembeni. "Sogezeni, jamani, uthamini unapita," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia Dorcas: "Dada, kivuli cha ukuta wako kitaniharibia dagaa."

"Dakika tano tu, dada."

Ukuta ukaingia ziwani pamoja na madirisha yake, na mawimbi madogo yakawa yanalowesha mapazia. Dorcas alisimama pale maji yalipoanza kuingia kwenye raba. Akasoma: mita elfu moja mia nane na kumi na mbili. Akaandika kwenye daftari lake la karatasi, ambalo halikatai kitu, kisha akampigia simu Shimba.

"Mzee, achia."

Nyuma yake ukuta ukarudi mlimani bila kelele. Kuupanda mlima kulimchukua yeye dakika arobaini.

"Mbona umekawia?" akauliza Shimba, akifuta vidole kwenye koti.

"Ukuta ni mrefu, mzee."

Shimba aliuangalia ukuta, mita tisa na kitu, akafikiri. "Urefu huo unaongeza kodi?"

Dorcas akampa sifuri Modesta. Mama yule alifuta viganja kwenye kanga, akachuchumaa, akaibana sifuri kwa dole gumba pale plasta ilipobanduka kidogo, na mkono wake haukutafuta mahali. Dorcas hakuwa hata ametembea sana alipofika kwenye kona.

"Tisa na arobaini," akasoma.

"Tisa na arobaini," akaitikia Modesta, ambaye alikuwa akiijua.

Kuta nne zilipimwa kabla chai haijachemka. Kisha Dorcas akagonga ukuta wa mbele kwa kifundo, akatega sikio, akagonga tena. Amegonga kuta za benki na za hoteli zenye lifti. Ukuta kama ule hakuwa ameukuta.

"Mchanga huu ulipandishwa na nani?"

"Na mimi."

"Unasikika," akasema Dorcas, na kwenye sehemu ya ubora wa ujenzi akaandika nzuri sana, maneno aliyokuwa ameyatumia mara nne tu tangu aajiriwe. Alitamani kumkumbatia mama yule, lakini alikuwa kazini, akamwomba chai.

Ofisini kishikwambi kilizikataa mita elfu moja mia nane na kumi na mbili. Dorcas akakipeleka kwa Alexander, mkuu wa kitengo, akamweleza yote tangu pazia la kwanza hadi kwenye maji.

"Ya ngapi hii?" Alexander akauliza.

"Ya kumi na mbili."

Alexander si mtu mbaya. Zamani, akiwa mthamini mdogo, aliwahi kufuata ukuta wa namna hiyo mpaka akalazimika kukodi mtumbwi. Aliamini kila neno. Alivua miwani, akaisugua, akaivaa tena.

"Tatizo fomu inauliza nani ana karatasi," akasema. "Haiulizi nani ameshika sifuri."

"Kuna nafasi ya maoni."

"Ipo. Andika. Ila maoni huwa hayachapishwi."

Dorcas aliandika mpaka nafasi ikajaa, kisha akafuta neno tafadhali ili jina la Modesta lienee. Kwenye urefu wakaweka tisa na arobaini. Kwenye mmiliki wakaweka Shimba.

"Kwa hiyo kipimo tumekitoa kwa mmoja, jina tukalitoa kwa mwingine," akasema Dorcas.

"Ndiyo hivyo," akajibu Alexander, na hakuonekana kufurahi.

Mwingine angeishia hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Dorcas aliomba likizo ya siku mbili, akampeleka Modesta mbele ya baraza la usuluhishi, akabeba na futikamba yake. Wajumbe walikuwa watano, watu wazima wenye subira. Walipanda mlima, Shimba akashika sifuri, na wawili kati yao wakaufuata ukuta hadi ziwani, mmoja akalowa suruali. Modesta akashika sifuri, wakasoma tisa na arobaini. Waliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, bila kuacha hata pazia. Kisha wakaamua kwamba ukuta hauwezi kuapishwa, na karatasi ya mauziano ina muhuri.

Modesta alihama Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Majirani walimbebea vyombo na kitanda, na yeye akabeba ufagio, baada ya kufagia uwanja. Dorcas alikuja na raba za kijani, akajitwika godoro kichwani, akashuka nalo mlima mzima. Alilia njiani na hakujificha. Modesta, aliyekuwa mbele, alimwonyesha mawe ya kukanyaga: hili, sasa lile, lile la tatu linacheza. Walimpatia chumba cha kupanga Mkolani, chini kwenye tambarare, nyumba ya tatu kutoka kwa Dorcas.

Tangu hapo nyumba namba kumi na saba imepimwa mara tatu: Shimba alipoomba mkopo, alipotaka kujenga uzio, na daftari la kodi lilipopitiwa upya. Mara ya kwanza Shimba alishika sifuri mwenyewe, ukuta ukashuka ziwani, na kina mama wa dagaa wakaandika barua ya malalamiko. Barua ilikuwa na haki. Ofisi ikakaa kikao, ikapata ufumbuzi. Siku hizi nyumba hiyo ikitakiwa kupimwa, anaitwa Modesta. Yupo hata kwenye bajeti, kwenye mstari wa vibarua: mshika sifuri, mmoja, nauli ya kwenda na kurudi.

Huwa anakuja asubuhi na mapema na kanga safi, anaupanda mlima bila kupumzika. Wapangaji wa Shimba wanamwamkia, naye anaitikia. Shimba huwa amesimama pembeni na bahasha yake, kwa sababu lazima mmiliki awepo. Modesta anachuchumaa kwenye kona yake, anafuta plasta kwa kiganja, anabana.

"Tisa na arobaini," Dorcas anasoma kutoka kona ya pili.

"Tisa na arobaini," anaitikia Modesta.

Hapo kazi inakuwa imekwisha, na futikamba ina mkono ambao ukizungushwa vizuri hukusanya mita tisa kabla mtu hajapiga chafya. Dorcas, anayesifiwa ofisini kwa wepesi, siku hizo hana haraka. Anaandika kipimo. Anahakikisha alichoandika. Anagonga ukuta, anasikiliza, anagonga mahali pengine. Shimba anatazama saa. Modesta hageuki, dole gumba lake liko pale pale ukutani, na kupitia dirisha anaona jiko lake, na jiwe lake lililo ukuta.

"Achia, mama," Dorcas anasema mwishowe, na Modesta anaachia.