Onyesho la Kurudi Nyumbani

Siku hiyo dada mtu alikuwa amekaa na kusimama mara kumi na kitu kabla hata ya saa nane mchana, na karatasi yake ilikuwa na mistari mitano tu. Kazi yake ni kuhakiki gemu kwa ajili ya ukurasa wa Jumamosi wa gazeti moja, kazi ambayo shangazi zake hadi leo wanaamini ni jina jingine la kukaa bure. Mtindo wake ni mmoja: anachora mstari katikati ya karatasi, kushoto nguvu, kulia udhaifu, na haandiki neno la gazetini mpaka pande zote mbili zijae.

Gemu la safari hii lilitoka Japani. Jambazi anatoka jela baada ya miaka kumi, anarudi kwenye mtaa wake wa vilabu na taa za rangi, na mchezaji yuko huru kwenda atakako: kupigana, kuimba kwenye baa, kuvua samaki, kumtafutia bibi kizee paka wake aliyepotea. Kushoto aliandika: mtaa una uhai, hata duka la viatu unaingia, visa vya pembeni vinachekesha na ni vitamu kuliko kisa chenyewe, onyesho la kurudi nyumbani linagusa moyo. Kulia: wahuni wanakurukia kila kona mpaka inachosha, maongezi marefu, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi ukawakuta bado wanakodoleana macho.

Lakini kilichomweka roho juu hakikuwa gemu. Saa tisa angekuja afisa wa uangalizi na fomu yake. Kaka yake, aliyewaendeshea gari wezi na kula miaka tisa jela kwa sababu hiyo, alikuwa ameletwa kwake kwa siku nane za majaribio, na leo dada mtu, kwa kuwa nyumba ni yake, alitakiwa aseme: anakaa hapa, au apelekwe kwenye bweni la serikali upande wa pili wa mji. Siku zote nane dada mtu alikuwa mpole mithili ya muuguzi. Shuka safi alimpa, ufunguo alimpa, alimuuliza kama maji ya moto yanatosha. Jibu la fomu tu ndilo hakuwa nalo. Alipoamka lilikuwa ndiyo, saa nne likawa hapana, na sasa hata hilo hapana lilikuwa halikai.

Kaka mtu naye alikuwa hatulii. Dirishani hadi jikoni, jikoni hadi dirishani, hatua sita kwenda na sita kurudi.

"Kaka, utanitoboa sakafu. Njoo ucheze, mimi niandike."

"Mimi na mambo ya watoto, wapi na wapi?"

"Hayo mambo ya watoto ndiyo yanayonilisha. Kaa."

Akakaa, akapokea pedi ya gemu kwa vidole viwili. Mchezaji wa ajabu huyo! Jambazi zima la mtaa, mabega mapana, alilisimamisha kwenye taa za barabarani likasubiri kijani. Wahuni walipomrukia, akatoka mbio.

"Mbona unakimbia? Wapige!"

"Nikipatikana na kosa moja tu, narudishwa ndani."

"Ni gemu, kaka."

"Polisi wake wanajua kama ni gemu?"

Dada mtu akacheka bila kupenda. Kona ya tatu hapakuwa na pa kukimbilia. Kaka mtu akabonyeza ovyo, na jambazi likamtwanga mhuni mmoja baiskeli ya kichwa. Mhuni akainuka, akainamisha kichwa, akashukuru, akatoa zawadi ya dawa ya maumivu. "Umempiga mtu baiskeli, halafu anakushukuru!" Kaka mtu alicheka hadi machozi yakamtoka. "Huko nahamia kesho."

Mara akaiweka pedi chini, akasimama, akaegemeza mgongo ukutani, mikono nyuma, macho mbele.

"Naomba ruhusa kwenda msalani."

Maskini, hata hakusikia alichokisema. Aliyesikia ni dada mtu, na badala ya kumwambia nyumba ni yake, yeye naye akachanganyikiwa, akajibu: "Nenda." Kaka mtu akaenda. Dada mtu alibaki pale anaona haya, na haya ikamgeukia hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekezee nani.

Kaka mtu aliporudi, pedi ilikuwa mikononi mwa dada mtu, na jambazi lilikuwa limefika mlangoni kwa dada yake. Dada wa kwenye gemu akafungua, akatabasamu, akasema "Umerudi," akamwekea chai. Muziki ukapanda. Basi, kwisha.

"Uongo huu," kaka mtu akasema.

"Uongo upi? Hapo ndipo pazuri kuliko pote."

"Miaka kumi, huyu dada hamuulizi kitu? Hata tusi moja?" Akamgeukia. "Kitinda, siku nane nangoja unitukane. Kila ukinipa shuka safi nasema leo ndiyo leo. Usingizi siupati. Bora ungenizaba kibao nikajua nimefika."

"Unataka nikutukane?" Sauti ilimtoka dada mtu kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama aliugua miezi saba. Miezi saba nilimgeuza kitandani peke yangu, nilimlisha, nilimwogesha! Nikakuandikia barua nne. Hukujibu hata moja!"

"Niliona aibu."

"Wewe ulikuwa na aibu yako. Mimi nilikuwa na nani?"

Kaka mtu alikaa kitako sakafuni, akayapokea yote, na dada mtu akaendelea mpaka mlango ulipogongwa.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyezoea kuingia katikati ya vilio vya watu. Aliyaona mashavu ya dada mtu yamelowa, akajifanya hajaona. Akaweka fomu mezani, juu ya karatasi ya nguvu na udhaifu.

"Haya dada yangu. Unaridhia akae hapa, au huridhii?"

Dada mtu akajifuta uso kwa kiganja.

"Siku ya mwisho mama alimwita yeye. Mkono nilimshika mimi, jina akaita lake. Hilo sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe."

Kaka mtu akainuka polepole, akaanza kukusanya nguo zake zilizokuwa kwenye kiti. Afisa akashusha pumzi, akafungua kalamu.

"Pole sana. Basi naandika haridhii."

"Nani kasema siridhii?" dada mtu akamkatiza. "Nimesema sijamsamehe. Atakaa hapa hapa. Ukishaondoka tunaendelea tulipoishia."