Namba Ishirini

Shangazi alinunua mashine ya kutotolea vifaranga yenye kompyuta ndani, kadude kadogo kama kiberiti. Kazi yake ni kupima joto na kumtumia Shangazi kwenye simu. Mayai mia tatu, siku ishirini na moja. Joto likiyumba, unaangua hasara.

Shida umeme. Ukikatika ukarudi, ruta ya intaneti ya nyumbani inagawa namba upya kwa kila kitu kilichounganishwa, na mashine inapewa nyingine. Simu ya Shangazi inaita namba ya jana, haipati kitu, na yeye anatoka jikoni mbio, mikono ina povu, kwenda kuchungulia mayai kwa macho.

Akatangaza mezani. Atakayeifanya hiyo mashine itulie wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi, ndiye atashika ufunguo wa chumba cha vifaranga. Mwingine ataosha trei.

Wagombea wawili. Mimi, ambaye shule niliiacha mapema na hapa nyumbani naitwa Kiherehere. Na binamu yangu, mwana wa pekee wa Shangazi, tunamwita Digrii. Anasoma mjini, anarudi kila Jumamosi na nguo chafu.

"Mwachie Kiherehere aanze," Digrii akasema. "Akiharibu, nitatengeneza."

Alipoondoka tu nikachomeka kebo, nikaingia ndani ya kile kidude. Nilijifunza kwa fundi wa kamera niliyekuwa namshikia ngazi. Ni mistari minne tu: namba ya mashine, ukubwa wa mtaa wake kwenye mtandao, mlango wa kutokea, yaani ruta, na nani wa kuulizwa majina ya tovuti. Namba nikaweka ishirini mwishoni, kwa sababu naipenda. Halafu nikahifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu. Hapo wengi wanaangukia pua, maana usipohifadhi, ukizima tu kinasahau kila kitu kama mlevi asubuhi. Nikazima. Nikawasha. Ishirini.

Wiki ikaenda. Umeme ulikatika mara tano na simu ya Shangazi haikutikisika. Nikaanza kutembea kama mwenye nyumba. Ufunguo nilishauchagulia kamba.

Jumamosi, saa sita mchana, Digrii akaingia getini na begi lake. Shangazi akaangalia simu.

"Mbona skrini nyeupe?"

Nikakimbia chumbani. Joto sawa, taa sawa, mashine inaguna vizuri. Kwenye simu, hakuna kitu.

"Nilisema," Digrii akasema, anavua viatu polepole.

"Ufunguo huo, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Ila kwanza kaninunulie chumvi."

Akatoka. Simu ya Shangazi ikazinduka, joto hilo hapo. Akarudi na chumvi. Nyeupe.

Mimi si msomi lakini macho ninayo.

"Shangazi, mwambie atoke tena."

"Nitoke niende wapi?"

"Nje ya geti. Nenda mpaka pale kwa fundi baiskeli, usimame."

"Mama, huyu ana wazimu."

"Toka," Shangazi akasema.

Akatoka, joto likarudi. Akaingia, likapotea. Shangazi akamzungusha mara nne, mpaka fundi baiskeli akauliza kama kijana amefukuzwa nyumbani au vipi.

"Kwa hiyo ni wewe," Shangazi akasema. "Nimekulisha miaka yote hiyo, uje uniulie vifaranga."

"Si mimi, Mama. Labda simu yangu."

"Basi simu ikae nje."

Shangazi akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaitundika juu ya ukuta karibu na kwa fundi baiskeli. Skrini ya simu yake mwenyewe ikatulia. Akanipa ufunguo, akamnyooshea Digrii kidole kuelekea kwenye trei.

Digrii akanivuta nyuma ya banda.

"Umeiwekea mashine namba gani?"

"Ishirini."

Akafumba macho. "Ruta inagawa kuanzia mbili mpaka mia. Simu yangu ikija inapewa ishirini. Umeweka mashine kwenye kiti ambacho ruta inamkalisha mgeni, pumbavu wewe."

 Kwa kweli, hilo fundi wa kamera hakunifundisha, au alifundisha mimi nikiwa nachezea ngazi.

"Kwa hiyo niweke mia mbili?"

"Weka mia mbili. Halafu umwambie Mama kosa lilikuwa lako."

Nikaingia chumbani kwa ufunguo wangu. Mia mbili, nikahifadhi, nikazima, nikawasha. Kwenye simu ya Shangazi pia nikabadilisha namba. Dakika mbili, tatu hazifiki. Nikatoka.

Digrii alikuwa amekunja suruali, brashi mkononi, mama yake kasimama juu yake kama mkaguzi. Digrii akanitolea macho: sema.

Nitasema, na nitasema yote. Ila trei zilikuwa arobaini, na ndiyo kwanza alikuwa kwenye ya pili.